Kazi ya kiraia kwenye kambi za Marekani Ghuba: vibali, mkataba, beji na bima

Kosa la kwanza ni kudhani kwamba kambi ya Marekani ni Marekani. Camp Arifjan iko Kuwait, Al Udeid iko Qatar, Al Dhafra iko Falme za Kiarabu, na ardhi yote hiyo ni ya wenyeji. Anayekuambia anakutengenezea viza ya Marekani ili ukapike Arifjan anakutapeli, na huna sababu ya kumsikiliza zaidi. Viza unayohitaji ni ya Kuwait. Atakayekulipa ni kampuni. Jeshi halikuajiri, linakufungulia lango tu, na siku yoyote linaweza kulifunga.

Kila mfanyakazi wa kwetu anayepita lango hilo alfajiri anategemea karatasi tatu, na kila moja ina mwenyewe. Kibali cha ukaazi, yaani iqama, hutolewa na serikali ya nchi mwenyeji kupitia kafili, yaani mwajiri anayekudhamini kisheria. Mkataba hutolewa na mwajiri. Beji hutolewa na jeshi. Ukinyang'anywa beji, mwajiri hana kazi ya kukupa. Ukikosa kazi, kafili anafuta iqama. Iqama ikifutwa, unageuka mkaazi haramu huku ukiwa hujamkosea mtu yeyote nje ya lango. Kwa hiyo kabla ya kumlipa mtu hata shilingi, uliza: hii karatasi unayonionyesha ni ipi kati ya tatu, na nani ameisaini?

Nimeuandika mwongozo huu kwa Mkenya, Mtanzania au Mganda anayetaka kwenda Ghuba kwa mkataba. Karibu na mwisho kuna sehemu fupi ya wake na waume wa wanajeshi, maana njia yao ni nyingine kabisa.

Fahamu kwanza mnyororo wa kazi

Tangu 1985 jeshi la nchi kavu la Marekani lina mpango uitwao LOGCAP wa kukodi kampuni za kiraia zipike, zifue, ziendeshe malori, zitengeneze viyoyozi na zitunze majengo. Kampuni kubwa za aina ya KBR, V2X, Amentum na Fluor hushindania zabuni. Mshindi ndiye mkandarasi mkuu. Huyo hugawa vipande vya kazi kwa wakandarasi wadogo, wengi wao kampuni za Ghuba, za Uturuki au za India. Mkandarasi mdogo naye humpigia simu ajenti wa Nairobi, Kampala au Dar es Salaam. Chini ya ajenti mara nyingi kuna mtu wa mtaani anayeitwa “ndugu yangu yuko ofisini pale.” Wewe uko chini ya huyo.

Kila ngazi inakata chake. Waganda wanalijua jambo hili kuliko wengine Afrika Mashariki. Walinzi wao walipoanza kupelekwa Iraq mwaka 2005, mlinzi aliweza kupata zaidi ya dola 1,000 kwa mwezi. Miaka michache baadaye mshahara ule ulikuwa umeporomoka hadi karibu nusu, kwa sababu kampuni zilishindana kwa bei ya chini na kila mara alipatikana mtu wa kukubali kidogo zaidi. Kwa hiyo usiulize tu “kazi gani?” Uliza pia wewe utakuwa wa ngazi ipi. Fundi umeme aliyeajiriwa moja kwa moja na mkandarasi mkuu na fundi umeme wa mkandarasi mdogo wa tatu wanaweza kufunga taa moja, mmoja akiwa ameshika ngazi na mwingine bisibisi, na mishahara yao isikaribiane.

Kazi zinazochukua watu wa kwetu ni ulinzi, bwalo la chakula, dobi, usafi, ghala, udereva wa magari mazito, ufundi wa magari, umeme, mabomba na viyoyozi, uzimamoto, saluni na maduka ya ndani ya kambi. Ukiwa na fani yenye cheti, kama viyoyozi au magari ya dizeli, una nguvu ya kujadiliana. Ulinzi hutaka Kiingereza cha kuzungumza na kuandika ripoti, na mara nyingi historia ya jeshi, polisi au kampuni ya ulinzi.

Hatua ya kwanza: hakikisha kazi ipo

Mwambie ajenti akuandikie mambo matano: jina kamili la mwajiri atakayesaini mkataba wako, jina la mkandarasi mkuu, jina la kambi, nchi, na aina ya viza. Ajenti wa kweli atayajibu yote kwa dakika chache. Tapeli atakwambia “mambo ya jeshi ni siri.” Si siri. Wizara ya Ulinzi ya Marekani hutangaza kila siku ya kazi zabuni za dola milioni 7.5 na zaidi, ikitaja mshindi na mahali kazi itakapofanyika. Tovuti ya USAspending.gov nayo iko wazi kwa yeyote duniani, bure, na huonyesha wakandarasi wakuu pamoja na wengi wa wakandarasi wao wa ngazi ya kwanza. Andika jina la kampuni, tazama kama ina kazi yoyote Kuwait au Qatar. Usipoikuta huenda iko chini sana kwenye mnyororo, na hilo peke yake ni habari. Kisha nenda kwenye tovuti ya mkandarasi mkuu mwenyewe, ukurasa wa ajira. Nafasi nyingine hutangazwa hapo waziwazi na huhitaji mtu wa kati.

Baada ya hapo mkague ajenti. Kenya, mamlaka ya ajira NEA ina orodha ya mawakala waliosajiliwa kwenye mtandao wake. Angalia kama jina limo na kama leseni bado hai. Uganda, Wizara ya Jinsia, Kazi na Maendeleo ya Jamii inasimamia mfumo wa EEMIS unaofanya kazi hiyohiyo. Tanzania bara, mlango ni TaESA, Wakala wa Huduma za Ajira. Zanzibar ina mamlaka yake ya kazi, usichanganye. Jina lifanane herufi kwa herufi. Matapeli wanapenda kuazima jina la kampuni yenye leseni na kuongeza neno moja mwishoni.

Kisha soma kazi yenyewe inasema nini. Mwaka 2025 Wakenya walioahidiwa kazi za kawaida Urusi walijikuta wamevalishwa sare na kupelekwa vitani Ukraine. Mkataba wa kiraia unataja cheo cha kazi, mwajiri wa kampuni na mshahara. Ukiona karatasi inazungumzia kiapo, kuandikishwa, au iko kwa lugha usiyoijua na unaharakishwa kusaini, hiyo si kazi ya bwalo la chakula.

Ada: sehemu ambayo sheria iko upande wako

Hapa nitakaa kidogo, maana pesa nyingi za wazazi na mashamba ya watu yamepotelea hapa.

Serikali ya Marekani ina kifungu kinachoingizwa katika mikataba yake kuhusu usafirishaji haramu wa watu. Kinaitwa FAR 52.222-50; FAR ni kanuni za manunuzi za serikali hiyo. Amri ya rais ya Septemba 2012 ndiyo iliyokitia meno, na sura yake ya sasa ilianza kutumika Machi 2015. Kinamfunga mkandarasi mkuu, mkandarasi mdogo na ajenti wanaomtumia. Ndani yake ni marufuku kumtoza mfanyakazi ada ya kutafutiwa kazi. Tangu Januari 2019 maana ya ada imefafanuliwa kwa mapana: inaingia gharama ya viza, ya vipimo vya afya, ya picha, ya tafsiri ya nyaraka, ya mafunzo ya kuanzia, ya usafiri wa kwenda kazini, hata kama imeitwa amana, “facilitation” au “pesa ya ofisi.” Haijalishi inakatwa mbele, inakatwa kwenye mshahara au inapitia kwa mtu wa tatu. Na anayemdanganya mtu nje ya Marekani kuhusu kazi ya mkataba wa serikali yao anaweza kushtakiwa kwa jinai katika mahakama za Marekani.

Najua utakachosema: ajenti wa kwetu atadai tu. Kweli, wengi hudai. Ushauri wangu ni huu. Kwanza, mtajie kifungu kwa nambari yake na umwombe akuandikie kwa barua pepe kiasi anachotaka na cha nini. Wengine hushusha sauti hapohapo. Pili, kama umeamua kulipa, usilipe mkononi kamwe. Lipa kwa M-Pesa, Airtel Money au benki, kwa jina la kampuni, na hifadhi ujumbe. Wakandarasi wakuu kadhaa wamelazimika kuwarudishia wafanyakazi ada walizolipa nyumbani, lakini hurudishiwa aliye na ushahidi. Tatu, usikope kwa riba ili kulipa ada. Mtu mwenye deni la riba hawezi kuacha kazi mbaya, na mwajiri mbaya anajua hivyo.

Hata gharama ya kupata hati za utambulisho kwa ajili ya kuajiriwa imo kwenye ufafanuzi huo wa ada.

Hatua ya pili: nyaraka za nyumbani

Pasipoti iwe na muda mrefu, usiende na iliyobakiza miezi minane. Cheti cha polisi cha kutokuwa na rekodi ya uhalifu, kile ambacho Kenya huombwa kupitia tovuti ya serikali ya eCitizen na kutolewa na DCI, idara ya upelelezi, kiombe mapema kwa sababu alama za vidole huchelewa. Vyeti vya ufundi na leseni ya udereva vipigwe muhuri na mamlaka husika pale viza inapodai. Vipimo vya afya kwa nchi za Ghuba hupangwa kupitia mfumo wa Wafid na hufanywa kwenye kliniki zilizoidhinishwa tu. Kifua kikuu, virusi vya ukimwi na homa ya ini B au C vinatosha kukuzuia. Ukipimwa kwenye kliniki isiyo kwenye orodha umetupa pesa.

Kuna nyaraka nyingine ambazo ajenti hatakuomba, na ndizo ninazozisisitiza zaidi: cheti cha ndoa kilichosajiliwa na serikali na vyeti vya kuzaliwa vya watoto. Kama mlifunga ndoa ya kimila, au ndoa ya Kiislamu ambayo imebaki kwenye daftari la shehe tu, isajili kabla ya kuondoka. Sababu yake utaiona kwenye sehemu ya bima.

Acha nakala za kila kitu kwa mtu mmoja nyumbani, na nyingine kwenye barua pepe yako mwenyewe.

Hatua ya tatu: mkataba

Kifungu kilekile cha FAR, pale ambapo sheria au mkataba unadai hati ya kazi, kinataka iwe imeandikwa kwa lugha unayoielewa, na kama unahama kwenda kufanya kazi uipate angalau siku 5 kabla ya kuondoka. Siku 5, si uwanja wa ndege wa Jomo Kenyatta saa nne usiku. Hati hiyo inapaswa kutaja kazi yenyewe, mshahara, marufuku ya kutozwa ada, mahali pa kazi, makazi na gharama zake, likizo, usafiri wa kurudi, na jinsi ya kutoa malalamiko. Kwa Mkenya kuna ulinzi mwingine: Sheria ya Ajira ya 2007 inataka mkataba wa kazi ya nje uthibitishwe na afisa wa kazi. Ajenti anayeruka hatua hiyo ana sababu.

Soma mahali pa kazi kwa kidole. Mwaka 2004 wanaume 12 wa Nepal walisafiri wakiamini wengi wao wanakwenda kufanya kazi hotelini Jordan. Walivushwa hadi Iraq ili wakafanye kazi kwenye kambi ya Al Asad, wakatekwa njiani na kuuawa Agosti mwaka huo. Tangu hapo kila anayeshughulika na mikataba hii anajua hatari iliyo katika maneno kama “Kuwait au mahali pengine popote atakapoelekeza mwajiri.” Ukiyaona, omba yafutwe au yataje nchi kwa majina. Bei ya kazi Kuwait na bei ya kazi Iraq au Syria haziwezi kuwa moja.

Kagua pia saa. Sheria ya kazi ya sekta binafsi ya Kuwait, namba 6 ya 2010, inaweka saa 8 kwa siku na 48 kwa wiki, saa za ziada zikilipwa robo zaidi ya saa ya kawaida, siku 1 ya mapumziko kwa wiki, na likizo ya siku 30 kwa mwaka. Muda wa majaribio hauzidi siku 100 za kazi. Kiinua mgongo kwa anayelipwa kwa mwezi ni mshahara wa siku 15 kwa kila mwaka katika miaka 5 ya mwanzo, kisha mwezi mmoja kwa kila mwaka unaofuata. Qatar, kuanzia Machi 2021, kima cha chini ni riyali 1,000 kwa mwezi, na mwajiri asiyetoa makazi na chakula huongeza 500 na 300. Walinzi wengi hufanya zamu ya saa 12 kwa siku 6. Piga hesabu mwenyewe: kama mkataba unakupa mshahara mmoja “ulio na kila kitu,” saa 24 za ziada kila wiki zimemezwa humo ndani.

Hatua ya nne: iqama

Uingie na viza ya kazi iliyotolewa kwa jina la mwajiri wako. Viza ya matembezi itakayobadilishwa ukifika ni mtego wa kila mwaka. Wapo wanaokaa wiki nyingi bwenini bila beji, bila mshahara, huku siku za viza zinayeyuka.

Kuwait, mfanyakazi wa kampuni binafsi huwa chini ya iqama ya kifungu cha 18. Bila kibali kingine, inamruhusu kumfanyia kazi kafili wake tu. Ukikutwa unafanya kazi kwa mwingine bila kibali hicho, hata kama ni kambi ileile na bwalo lilelile, kosa ni lako. Ukifika utapimwa afya tena, utachukuliwa alama za vidole, kisha utapata kitambulisho cha raia wa kigeni, ile bataka. Pakua programu ya serikali iitwayo Sahel. Humo utaona iqama yako inaisha lini na kama kuna ripoti yoyote dhidi yako. Wengine wamejua kwamba kafili amewaripoti “watoro” walipokuwa tayari uwanja wa ndege. Tangu Julai 1, 2025 mwenye iqama ya kifungu cha 18 anahitaji pia ruhusa ya kutoka nchini, inayoombwa kielektroniki na kukubaliwa na mwajiri. Usinunue tiketi ya dharura kabla ya hiyo.

Qatar imelegeza zaidi. Ruhusa ya kutoka iliondolewa kwa wafanyakazi wengi mwaka 2018, na tangu 2020 mfanyakazi anaweza kuhama mwajiri bila barua ya kuruhusiwa na yule wa zamani, kwa kutoa notisi.

Pasipoti yako ikae kwako. Mwajiri anaweza kuichukua kwa siku chache kushughulikia iqama, basi. Kuificha au kuishikilia ni marufuku kwenye kifungu kilekile cha FAR, hata kama kampuni itakuambia “ni kwa usalama wako.” Ukitaka kuwa mwungwana, waombe stakabadhi yenye tarehe ya kurudishiwa.

Hatua ya tano: beji

Beji inatolewa baada ya kuchunguzwa. Utachukuliwa alama za vidole vyote, picha ya uso na ya mboni za macho, na taarifa hizo hubaki kwenye hifadhidata ya jeshi la Marekani, si ya kampuni. Kuna mahojiano, na yanaweza kurudiwa miaka ya mbele. Utaulizwa familia, safari zako, simu yako, ndugu walioko nchi nyingine. Jibu ukweli na ujibu sawasawa kila mara. Mtu wa Pwani mwenye majina matatu tofauti kwenye kitambulisho, cheti cha shule na pasipoti alisawazishe hilo nyumbani kwa hati ya kiapo. Kule majina matatu yanaonekana kama watu watatu.

Ndani ya kambi unafuata sheria za aina mbili kwa pamoja, za nchi na za jeshi. Kamandi ya Marekani ya eneo hilo ina Amri Kuu Namba 1, iliyotokana na vita vya Ghuba vya 1990, inayokataza pombe, picha za ngono na mambo mengine mengi, nayo huwagusa wakandarasi pia. Simu yenye kamera ina maeneo yake. Ukiambiwa uiache langoni, iache. Picha moja ya TikTok mbele ya gari la kijeshi imetosha kumfukuzisha mtu. Vivyo hivyo mafuta ya dizeli yanayotoka na lori “tupu,” au maboksi ya bwaloni yanayouzwa nje.

Adhabu yake ni barua ya kamanda ya kukupiga marufuku. Barua hiyo haikufungi mlango wa kambi moja tu. Jina na vidole vyako viko kwenye hifadhidata, na kampuni nyingine ikikuajiri mwaka ujao mfumo utakukataa. Una haki ya kuomba uamuzi utazamwe upya, na barua yenyewe hueleza unaandika kwa nani. Andika. Wengi hupanda ndege wakiwa wamenyamaza.

Bima ambayo wengi hawajawahi kuisikia

Mwaka 1941 Marekani ilipitisha Defense Base Act. Inamlazimu mwajiri mwenye kazi kwenye kambi za Marekani nje ya nchi kuwakatia wafanyakazi bima ya ajali, na haibagui uraia. Mpishi wa Mombasa na mhandisi wa Texas wako chini ya sheria moja. Kwa baadhi ya nchi Wizara ya Kazi ya Marekani imeruhusu sheria ya fidia ya mwenyeji itumike badala yake kwa wasio Wamarekani, kwa hiyo siku ya kwanza kazini muulize msimamizi: bima yetu ni ipi, na kampuni ya bima inaitwa nani? Tangazo lake linapaswa kubandikwa ukutani. Lipige picha pale inaporuhusiwa, au linakili kwenye daftari.

Ukiumia, toa taarifa kwa maandishi ndani ya siku 30. Dai lenyewe, kwa fomu LS-203, liwe limewasilishwa Wizara ya Kazi ya Marekani ndani ya mwaka 1. Kuwasilisha ni bure na unaweza kufanya hivyo ukiwa Kisumu. Usipoweza kurudi kazini, malipo ni theluthi mbili ya wastani wa mshahara wako wa wiki, pamoja na matibabu, na una haki ya kuchagua daktari. Masikio yaliyoharibiwa na jenereta au milipuko yamo. Msongo wa akili baada ya shambulio umo. Hilo si jambo la nadharia: Iran iliirushia Al Udeid makombora Juni 23, 2025, na hapa kwetu Manda, Lamu, shambulio la Januari 5, 2020 liliua Wamarekani watatu, wawili kati yao wakandarasi.

Wakili wa madai haya hawezi kukutoza pesa ambayo Wizara haijaidhinisha, na dai likishinda kwa kawaida ada yake hulipwa na bima. Anayekudai asilimia mkononi anavunja sheria.

Sasa zile nyaraka za familia. Mfanyakazi akifa kazini, mjane hupata nusu ya wastani wa mshahara wa wiki, na wakiwepo watoto jumla hufika theluthi mbili. Lakini kwa mfanyakazi asiye raia wala mkaazi wa Marekani au Kanada, wanaotambuliwa ni mke na watoto. Kama hawapo, ni baba au mama ambaye marehemu alikuwa akimsaidia kwa angalau mwaka 1 kabla ya ajali. Kaka, shangazi aliyekulea, mchumba, hawamo. Mke asiye na cheti anaanza kesi nyingine ya kuthibitisha ndoa. Kijana asiyeoa anayemtumia mama yake pesa atume kwa jina la mama mwenyewe, si kupitia dada, ili kumbukumbu za M-Pesa zimtaje. Zile familia za Nepal zilipata fidia kwa sheria hii: mwaka 2008 jaji wa Wizara ya Kazi aliamuru mwajiri na bima yake walipe. Ulinzi huu una upungufu mmoja: bima inaweza kuruhusiwa kulipa madai ya wasio Wamarekani kwa mkupuo mmoja wa nusu ya thamani ya malipo yanayobaki. Usisaini mkupuo wowote kabla wakili hajaupigia hesabu.

Mkwamo ukitokea

Anza na mwajiri kwa maandishi, kisha mkandarasi mkuu. Kampuni kubwa zina ofisi ya malalamiko kwa sababu kandarasi yao inaweza kuvunjwa. Ngazi inayofuata ni mkaguzi mkuu wa Wizara ya Ulinzi ya Marekani, mwenye fomu ya siri kwenye dodig.mil. Kifungu cha FAR kinataja pia nambari ya kimataifa ya msaada, 1-844-888-3733, na anwani help@befree.org. Mshahara usiolipwa unaweza kuudai vilevile kwenye mamlaka ya kazi ya nchi mwenyeji. Na ujiandikishe ubalozini ukifika, siyo siku ya matatizo. Kenya na Tanzania zote zina balozi Kuwait na Doha. Mganda aliyeko Kuwait hana ubalozi wake pale na ajue mapema ni upi unaomhudumia.

Kama wewe ni mke au mume wa mwanajeshi

Wakenya wengi waliopata kadi ya kijani wamejiunga na jeshi la Marekani, kwa hiyo swali hili linakuja kutoka Kaiserslautern na Vilseck, miji ya Ujerumani yenye kambi za Marekani, kama linavyokuja kutoka Eldoret. Kwenye nchi za NATO hadhi yako inatokana na mkataba wa London wa Juni 19, 1951. Mkataba huo unamtambua mwenzi na watoto wanaomtegemea mwanajeshi bila kuuliza uraia wao, mradi majina yenu yawe kwenye amri ya uhamisho. Lakini unapotaja wafanyakazi raia wa jeshi, unawatenga wasio raia wa nchi za NATO. Ndiyo maana mke Mkenya anaweza kuishi Ujerumani kihalali kabisa bila kibali cha ukaazi cha Kijerumani, na bado asiweze kuchukua nafasi za serikali ya Marekani zinazotangazwa kwenye tovuti yake ya ajira, USAJOBS, ambazo kwa kawaida hutaka uraia wa Marekani.

Ufunguo wa kazi kwako basi ni uraia, na ufunguo wa uraia ni kadi ya kijani mliyoipata kabla ya kuhama. Mwenye kadi anayeishi ng'ambo kwa amri ya jeshi pamoja na mwenzi wake anahesabiwa kama yuko Marekani, na tangu 2008 anaweza kuapishwa hukohuko aliko. Kama mwenzi wako tayari ni raia na amepangiwa kazi nje, kuna njia isiyodai miaka 3 ya kusubiri. Fomu ya kuomba uraia ni N-400. Anzia ofisi ya sheria ya kambi, huduma yake haina malipo.

Kwa aliyekwenda kwa mkataba wa kampuni, njia hiyo haipo. Miaka kumi Arifjan haikupi kadi ya kijani. Viza maalumu zilizozungumzwa sana zilikuwa za Wairaqi na Waafghani.

Kurudi

Mwajiri aliyekutoa nchi nyingine kwa kazi hiyo anawajibika kwa nauli yako ya kurudi mkataba ukiisha. Kabla ya kupanda ndege chukua barua ya utumishi, hesabu ya kiinua mgongo na siku za likizo zilizobaki, na hakikisha kwenye Sahel kwamba iqama imefutwa kwa kuondoka, si kwa utoro. Rudisha beji na uchukue stakabadhi. Pima masikio na kifua ukiwa bado na iqama, halafu pima tena nyumbani mwezi uleule. Ule mwaka 1 wa madai unaendelea kuhesabika hata ukiwa umeshafungua duka lako Nakuru.